Mjadala: Askari wa Gadi ya Taifa Marekani akikosea, aadhibiwe na gavana wa jimbo lake au na Washington, yaani serikali kuu?

Wakuu habari za jioni. Nina binamu yangu yuko Texas, kajiunga na Gadi ya Taifa, lile jeshi la akiba la majimbo, wikiendi moja kwa mwezi anavaa kombati, siku zingine yuko na lori lake barabarani. Juzi kwenye simu nikamuuliza, hivi wewe ukivunja amri unashtakiwa wapi? Akacheka, eti inategemea siku hiyo kaniita nani. Nikajua utani, kumbe ndo sheria yenyewe.

Iko hivi. Rais akiwaita rasmi wanaangukia sheria ya kijeshi ya nchi nzima, ile ya 1950, sawa na askari yeyote wa kudumu. Gavana akiwaita, kama ile operesheni ya mpakani aliyoanzisha gavana wa Texas, Abbott, Machi 2021, ile ya Washington haiwagusi, wanabanwa na sheria ya kijeshi ya Texas na amiri jeshi wao ni gavana. Halafu kuna hali ya katikati, mshahara unatoka Washington ila amri inatoka kwa gavana, na hapo ndo moto uliwaka.

Agosti 2021 waziri wa ulinzi Lloyd Austin kaagiza wanajeshi wote wachanjwe Korona, Gadi wakiwemo. Gavana wa Oklahoma, Kevin Stitt, akagoma, akaenda mahakamani, Desemba jaji akamkatalia. Texas nao wakaja na yao, na Juni 2023 mahakama ya rufaa kule New Orleans ikaamua tofauti kabisa, kwamba askari wa Gadi ambaye rais hajamwita, fimbo ya kumchapa ni ya jimbo. Na hapo amri ya chanjo ilishafutwa tangu Januari, kesi imeishi kuliko amri yenyewe aisee.

Mimi nasimama na New Orleans. Aliyekutuma ndiye akuulize. Nyie mnasemaje?

*

Mkuu hapo nakupinga. Bunduki ya nani, sare ya nani, hela ya nani? Huwezi kula kwa mtu halafu masharti yake unayakataa. Na majimbo 50 kila moja na kitabu chake, kosa moja huyu anashushwa cheo mwenzie anaonywa tu, haki gani hiyo?

*

Mnabishana mabosi, askari mmemsahau. Sheria ya Washington inamruhusu, kamanda akitaka kumwadhibu palepale ofisini, kukataa na kudai mahakama ya kijeshi, labda awe melini. Majimbo mengi yamenakili sehemu kubwa ya sheria hiyo ila hayafanani, unatakiwa usome ya kwako neno kwa neno. Huyo binamu kasoma ya Texas kabla ya kusaini?

*

Hahaha hajasoma, nimemuuliza. Ila wewe wa hela, Washington wakichukia si wabane bajeti? Hiyo ruksa, lakini kubana hela na kumpa mtu adhabu ni vitu viwili. Au rais awaite rasmi, kama Trump Juni 2025 alivyochukua askari kama 4,000 wa California huku gavana Newsom anapinga. Hapo wamelala watu wa gavana wameamka na sheria nyingine, kombati ileile. Sasa mtu wa cheo cha chini anajuaje leo yuko upande gani? Huyo wa hoja ya ofisini kanigusa kweli, nimemtumia binamu ile sheria ya Texas yote, tiki za bluu zimetokea, majibu hamna.