Mrejesho: ile homa ya binti yangu iliyokuwa inakwenda na kurudi

Ndugu zangu wa Dodoma na kwingineko, niliwauliza kuhusu binti yangu: homa kali siku tatu, inapoa, wiki haijaisha inarudi, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Uliyeniambia niulizie papasi, aina ya kupe anayeambukiza homa akiuma, Mungu akubariki sana. Walimpima damu kwa hadubini homa ikiwa imepanda, wakaviona vijidudu. Ni homa ya papasi. Kapewa antibiotiki, leo anacheza.

Papasi hang'ang'anii ngozi kama kupe wa ng'ombe. Anauma usiku, ananyonya kwa muda mfupi, anarudi ufani. Nilichokonoa sakafu ya udongo pale binti anapotandika mkeka, nikamtoa mmoja, bapa, rangi ya vumbi lenyewe. Nyufa tumeziba, kitanda tumenunua. Mke wangu mjamzito nimemhamishia kwa mama, maana homa hii huharibu mimba.