Ukisahau namba ya siri ya simu, nani awe na ufunguo wa akiba?

Ndugu zangu, swali lililo mezani ni hili: mtu akisahau namba ya siri ya simu yake, je, kampuni iliyoitengeneza iwe na njia ya kumfungulia, mradi athibitishe kuwa simu ni yake? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mali ni yangu, nimeilipia, risiti ninayo, kwa nini nifungiwe nje ya mali yangu? Mimi nasema hapana. Na nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliofungiwa nje.

Nilibadilisha namba usiku, tarakimu sita mpya, kwa sababu ya zamani mtoto alishaijua. Alfajiri simu ikazima kwa kukosa chaji. Nilipoiwasha ikakataa kidole, maana simu ikizimwa na kuwashwa haikubali kidole wala uso mpaka uandike namba kwanza. Nikaandika. Siyo. Nikageuza tarakimu mbili za mwisho. Siyo. Nikajaribu tena na tena, ikaanza kuniambia nisubiri dakika moja, kisha tano, kisha kumi na tano. Namba ya zamani vidole vilikuwa vinaikumbuka vyenyewe. Hii mpya haikuwa imeingia vidoleni wala kichwani. Mle ndani mlikuwa na picha za daftari la marehemu baba, kurasa arobaini na kitu za mwandiko wake, na daftari lenyewe lilishaliwa na mchwa. Picha hizo sinazo tena.

Fundi niliyempelekea alikuwa mkweli. Aliniambia anaweza kuiflashi ikawaka kama mpya, ila vya ndani nivisahau. Hivyo ndivyo simu za siku hizi zilivyo. Namba unayoandika si komeo la mlangoni tu. Inachanganywa na siri iliyopachikwa ndani ya chipu, kila simu na yake, na kwenye mchanganyiko huo ndiko unakopatikana ufunguo wa kusomea mafaili. Ng'oa memori uichomeke kwingine, utaona herufi zisizosomeka. Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, sita zinatoa 1,000,000, na kompyuta ingezimaliza upesi kama chipu isingekuwa inamchelewesha kila anayebahatisha.

Mtu atauliza, mbona zamani iliwezekana? Kweli iliwezekana. Kwenye Android 4.4 kurudi nyuma, ukikosea paterni mara kadhaa ulikuwa unaweza kuingia kwa akaunti yako ya Google. Apple nayo, kabla ya iOS 8 (programu endeshi ya iPhone) ya mwaka 2014, iliweza kutoa baadhi ya taarifa kwenye iPhone iliyofungwa ikiletewa amri ya mahakama. Aliyeweza kukusaidia wewe aliweza pia kusaidia wengine dhidi yako.

Kuhusu risiti, hoja hiyo ilishapimwa hadharani. Baada ya mauaji ya San Bernardino, Marekani, Desemba 2015, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walikamata iPhone 5c ya mmoja wa wauaji. Kwa karatasi, simu ile haikuwa yake. Ilikuwa mali ya serikali ya kaunti alikokuwa ameajiriwa, na mwajiri aliridhia ifunguliwe. Februari 2016 mahakama ikaiamuru Apple itengeneze programu maalumu ya kuondoa vizuizi vya kubahatisha namba. Apple ikakataa, ikisema programu hiyo ikishakuwapo haitaishia kwenye simu moja. Mwezi uliofuata FBI wakaiondoa kesi baada ya kupata njia kupitia watu wengine. Natambua kuwa watu 14 walikuwa wameuawa, na sidharau uchungu wa ndugu zao. Lakini angalieni nani alikuwa na risiti. Mwenye risiti na mwenye siri walikuwa wawili tofauti.

Ndivyo ilivyo pia majumbani. Simu kanunua mume, anayeitumia ni mke. Kanunua baba, anayeitumia ni binti wa miaka ishirini na mbili. Risiti inathibitisha nani alitoa pesa, basi. Dada anayepanga kimyakimya kumkimbia mtu anayempiga, ujumbe wake wote uko kwenye simu ambayo mpigaji ndiye aliyeinunua. Mkiruhusu risiti ifungue simu, mtu wa kwanza kwenye foleni atakuwa huyo, tena kwa haki zote za kimaandishi.

Na ufunguo mkuu hautulii mikononi mwa aliyekabidhiwa. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ina funguo kuu za makufuli ya masanduku ya wasafiri. Mwaka 2014 Washington Post walichapisha picha ya funguo hizo. 2015 mafaili ya kuzichapa kwa printa ya 3D yalikuwa yamezagaa mtandaoni. Yaliyotokea Ugiriki ni makubwa zaidi: ndani ya mitambo ya simu kulikuwa na sehemu iliyotengenezwa ili vyombo vya dola visikilize mazungumzo kwa kibali. Watu wasiojulikana wakaiwasha kwa siri, na kati ya 2004 na 2005 wakasikiliza simu za waziri mkuu Kostas Karamanlis na za wakubwa wengine, namba kama 100 hivi.

Sasa niwageukie wa upande wangu, maana nao wananiudhi wanaposema aliyesahau ajilaumu mwenyewe. Hapana. Kusahau ni hali ya binadamu. iPhone tangu iOS 17, mwaka 2023, ukibadilisha namba, ile ya zamani bado inaweza kukuingiza kwa saa 72 ili uweke nyingine, na ukitaka unaifuta papo hapo. Hakuna mtu wa tatu aliyepewa ufunguo. Simu yangu ingekuwa na kitu hicho, daftari la baba ningekuwa nalo leo. Kitu chepesi kama hicho nasema kila mtengenezaji alazimishwe kukiweka, na nakala ya akiba iwe imewashwa tangu siku ya kwanza, si kufichwa ndani ya menyu tano.

Halafu kuna kufuli la pili, ambalo watu wanalichanganya na la kwanza. Ukishaiflashi simu, inakudai akaunti iliyokuwamo awali. Apple walileta hili mwaka 2013, Android mwaka 2015, kwa ajili ya kukomesha wizi. Hapa hakuna siri ya mtu inayolindwa, kwa sababu vya ndani vimeshafutika. Kilichobaki ni kifaa chenyewe. Basi hapa risiti inatosha! Apple huliondoa kwa anayeleta uthibitisho wa ununuzi, na sioni kwa nini isiwe wajibu wa kila kampuni, kwa muda uliotajwa na bila kumzungusha mtu. Aliyepoteza picha zake asipoteze na simu pia, ikabaki kuwa kipande cha kioo cha kutupwa.

Kwa hiyo sipingi kila anachodai mwenye risiti. Apewe kifaa chake. Yaliyomo ndani, hapana, hata kama ni yangu. Daftari la baba nimelitaja kwa sababu hiyo ndiyo gharama niliyolipia msimamo huu, na kila nikilikumbuka narudia kujiuliza kama nimekosea. Nikimfikiria yule dada, jibu linabaki lile lile. Anayetetea kufunguliwa kwa risiti aniambie jambo moja tu: yule anayempiga dada huyo akifika dirishani na risiti halali mkononi, mhudumu atamjibuje?