Kompyuta ya kuongoza upasuaji wa goti: je, inamfaa mama mwenye chuma pajani?

Swali
Habari zenu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, atabadilishiwa goti ambalo gegedu lake limelika. Zamani alivunjika paja, na chuma alichowekewa kingali ndani ya mfupa. Daktari amependekeza upasuaji unaoongozwa na kompyuta, lakini jamaa wametutia hofu kwamba mashine ndiyo itakayokata mfupa. Je, ni kweli?

Jibu la kwanza
Ndugu, mimi ni daktari wa mifupa. Kompyuta hii haikati chochote. Anayeshika msumeno ni daktari mwenyewe. Vifaa vidogo vyenye alama hufungwa kwa pini kwenye mfupa wa paja na ule wa goko, na kamera huvifuatilia. Daktari huuzungusha mguu taratibu hadi kompyuta ikokotoe kitovu cha nyonga, kisha hugusa kifundo cha mguu kwa kalamu maalumu, na hapo mstari wa kutoka nyonga hadi kifundo huonekana kwenye skrini kabla mfupa haujakatwa. Katika njia ya kawaida, mstari huo hukadiriwa kwa fimbo inayopenyezwa ndani ya mfupa wa paja, na kwa mama yako fimbo hiyo ingezuiwa na chuma. Kwa maoni yangu, pendekezo hilo lina msingi thabiti.

Jibu la pili
Nakubaliana na daktari, ila msitarajie muujiza. Tangu njia hii ilipotumika mara ya kwanza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1997, imethibitika kupunguza magoti yanayopinda zaidi ya nyuzi 3, lakini tafiti nyingi hazikuona tofauti kubwa katika maumivu wala uwezo wa kutembea. Hata hivyo, takwimu za taifa za Australia zilionyesha kwamba wagonjwa walio chini ya miaka 65 walirudiwa upasuaji mara chache zaidi kwa sababu ya goti bandia kulegea. Upasuaji huchukua muda mrefu kidogo, na mara chache mfupa huvunjika palipopita pini, kwa hiyo mwulizeni daktari ameshafanya upasuaji wa namna hii mara ngapi.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Hilo la fimbo hatukuwa tumeelezwa. Tutamwuliza daktari kuhusu uzoefu wake, na pia mahali atakapopitisha pini pasipokuwa na chuma.