Mnatufundisha kutambua jarida kwa jalada, kisha mnatukata alama

Wadau, naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Sura ya pili ya tasnifu yangu imerudi jana ikiwa na marejeleo tisa yaliyozungushiwa wino mwekundu, na pembeni ya kila moja msimamizi ameandika maneno yale yale matatu: "si ya kitaaluma". Hakueleza zaidi.

Marejeleo hayo sikuyaokota njiani. Niliyachuja kwa kufuata mwongozo uliobandikwa kwenye mlango wa maktaba yetu, unaodai kwamba jarida la kitaaluma halina matangazo ya biashara, lina namba ya ISSN, na aghalabu jina lake huwa na neno "Journal". Sijui aliyeuandika alikuwa amefungua jarida gani. The Lancet, jarida la kitaaluma la tiba lililoanza mwaka 1823, hubeba matangazo ya dawa. The Wall Street Journal ni gazeti. Na ISSN ni tarakimu nane tu za kutambulisha chapisho linalotoka kwa mfululizo, ambazo jarida la mapishi nalo hupewa bila mtu yeyote kupima ubora wake.

Kilichoniuma zaidi ni rejeleo la saba. Nilikuwa nimeweka alama kwenye kile kisanduku cha kuchujia kwenye hifadhidata ya makala, kinachoahidi kuleta makala zilizopitiwa na wanataaluma wenza (yaani zilizopimwa na wataalamu wa fani hiyo hiyo kabla ya kuchapishwa), nikaletewa ukurasa mmoja wa jarida la sayansi la Nature. Kumbe kisanduku kile huchuja majarida, hakichuji makala, na Nature huchapisha habari, tahariri na maoni ndani ya toleo lile lile lenye ripoti za utafiti zilizopitiwa na wataalamu wa nje. Nilichonukuu kilikuwa habari iliyoandikwa na mwanahabari wao: hakina ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), hakina sehemu ya mbinu za utafiti, wala orodha ya marejeleo ya kutosha kuitwa orodha. Ningeyaona hayo kwa dakika moja, laiti mtu angenionyesha mahali pa kutazama.

Kiswahili nacho (sikisingizii) kinatumia neno moja, jarida, kwa la udaku, la wafanyabiashara wa sekta fulani na la watafiti, kwa hiyo mhadhiri anayesema "tumieni majarida" na kuondoka hajasema kitu.

Na hata huko kupitiwa kuna walakini. Mwaka 2013 jarida la kisayansi la Science lilichapisha matokeo ya jaribio ambalo makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi, ilipelekwa kwa majarida 304 ya kusomwa bure mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali.

Ninachodai ni kipindi kimoja cha darasa ambacho tutafungua toleo zima na kuulizana, makala kwa makala, nani ameiandika na nani ameipima kabla haijachapishwa. Mwongozo ule nao ubanduliwe. Nimeupita leo asubuhi, bado upo, na wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa wakiupiga picha.