MREJESHO: Rufaa ya kesi ya mikanda ya abiria, Tabora

Wakuu, niliuliza kama dereva wa Noah aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya kwa sababu abiria hawakufunga mikanda anaweza kukata rufaa. Nimeshinda, na asanteni sana mlionielekeza.

Kilichoniokoa ni mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya maandishi ya yaliyosemwa mahakamani. Niliposomewa shtaka nilijibu: "Ni kweli hawakufunga, lakini niliwaambia wafunge na mikanda ilikuwepo." Hakimu akaandika nimekiri kosa. Ukikiri kosa huwezi kupinga kutiwa hatiani, unapinga adhabu tu, isipokuwa kukiri kwenyewe kuwe na utata. Mahakama Kuu hapa Tabora ikasema jibu langu lina "lakini" yenye utetezi ndani yake, hivyo lilipaswa kuandikwa kuwa nimekana. Hukumu imefutwa.

Madereva, angalieni muda! Taarifa ya nia ya kukata rufaa huwasilishwa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Nakala niliziomba kwa barua, mahakama wakaigonga muhuri.

Faini nimeamriwa kurudishiwa. Stakabadhi ninayo, nafuatilia.