Mhadhiri aliyeridhika na mhadhiri anayejituma: je, tunapima kitu kimoja?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naandaa tasnifu ya uzamili kuhusu wahadhiri wa vyuo vikuu. Msimamizi wangu anasisitiza nitenganishe kuridhika na kazi na kujituma kazini, ilhali mimi naona anayeridhika ndiye anayejituma. Je, kuna haja ya kuvipima mbalimbali, na kwa hojaji ipi?

Jibu la kwanza
Msikilize msimamizi wako. Kuridhika ni hukumu ambayo mtu huitoa juu ya kazi yake. Hojaji ya watafiti Smith, Kendall na Hulin ya mwaka 1969, iitwayo Job Descriptive Index, huigawa katika kazi yenyewe, mshahara, kupandishwa cheo, usimamizi na wafanyakazi wenza. Kujituma ni hali ya mtu akiwa kazini, na hojaji iitwayo kipimo cha Utrecht (Utrecht Work Engagement Scale), chenye vipengele 17, au 9 katika toleo fupi, hutazama nguvu, moyo wa kujitoa na kuzama katika kazi.

Jibu la pili
Naongezea kutoka idarani. Yupo mhadhiri anayesoma rasimu ya mwanafunzi mstari kwa mstari, akijaza pambizo maswali, huku faili lake la kupandishwa cheo likiwa limekwama kwenye kamati. Huyo anajituma, lakini ukimuuliza kuhusu chuo atakujibu kwa uchungu. Yupo pia mwenye ajira ya kudumu, asiye na lalamiko lolote, anayefundisha kwa slaidi zilezile kila mwaka. Ukiwajumlisha hawa wawili katika alama moja, umewapoteza wote.

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg, mwaka 1959, alidai kuwa mshahara na sera za mwajiri zikiwa mbaya huleta kinyongo, ila zikiwa nzuri hazizai ari. Mtumie kwa tahadhari, maana waliohojiwa katika utafiti wake walikuwa wahandisi na wahasibu, na wakosoaji walisema kwamba mtu akisimulia mwenyewe hujipa sifa za mafanikio na kuwatwika wengine lawama.

Jibu la tatu
Mimi nina wasiwasi na hojaji yenyewe kuliko nadharia. Katika idara yenye watu wachache, ukiuliza cheo, jinsia na miaka ya utumishi kwa pamoja, mkuu wa idara akiiona karatasi atamtambua mjazaji, na mhadhiri anayelijua hilo atajibu kwamba ameridhika. Punguza maswali hayo, kisha uwakumbuke wahadhiri wa muda, ambao mara nyingi hawamo kabisa kwenye orodha ya sampuli.