Mrejesho: Shamba langu la kando ya mto na zile mita 60

Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu niliomba ushauri baada ya maafisa wa maji kupiga alama nyekundu kwenye migomba yangu kando ya mto, huku Arumeru. Wengi mlisema nianze na jumuiya ya watumia maji kabla ya kukimbilia mahakamani. Asanteni sana, ndivyo nilivyofanya.

Nilidhani wananipokonya shamba. Kumbe Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ningeelezwa hivyo mapema nisingepoteza usingizi.

Afisa alirudi na mwenyekiti wa jumuiya, tukavuta kamba pamoja kupima hizo mita 60 kutoka ukingoni. Iliishia mlangoni kwa banda la ng'ombe. Iliniuma, sitaficha. Ila tuliongea kama watu: nivune mikungu iliyokwisha kutoka, kisha eneo liwe la mikuyu na mabingobingo, na majani hayo nikate kulishia ng'ombe. Mikaratusi nimeikata mwenyewe, inafyonza maji mno. Waliniletea miche 80 ya mikuyu. 14 imekauka, iliyobaki inanifika kiunoni.

Mvua za juzi ukingo haukumeguka. Mwaka jana mahali hapohapo palikwenda na mtaro wangu.

Jirani wa upande wa juu bado analima hadi majini, na tope lake linanifikia. Amekubali tukae kikao Jumamosi, mwenyekiti akiwepo.